Bahari ya Marehemu Celedonio

Siku Mama Nemesia Calle alipoingia ofisi ya chama cha waongozaji pale Tolapampa, Eliodoro, mtoto wa kaka yake, alidhani amekuja kuulizia zamu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye ubao mweusi, na ubaoni yameandikwa majina: mwongozaji fulani, mpishi fulani, wapagazi fulani, wiki hii na wiki ijayo. Kwetu kazi ya mlima ni zamu. Uwe hodari vipi, mgeni atoke kwao akuombe kwa jina, kama zamu si yako utakaa nyumbani kukata manyoya ya lama.

"Shangazi, zamu yako ya kupika bado wiki mbili," Eliodoro alisema bila kuinua kichwa. Yeye ndiye katibu wa chama, na ndiye pia aliyekuwa na zamu ya kuongoza msafara unaofuata.

"Sikuja kwa ajili ya kupika. Nataka kupanda Kuntursaya. Niandike."

"Kama mpagazi?"

"Kama mteja, mwanangu. Nimeuza lama wawili na yule alpaka kilema."

Hapo Eliodoro akainua kichwa. Miaka ishirini na miwili shangazi yake alikuwa amepika katika kambi ya chini, na hakuwahi hata siku moja kuvuka lile jiwe lililo nyuma ya hema la choo.

"Shangazi, una miaka hamsini na nane."

"Unanihesabia? Andika."

"Mlima una mita elfu sita na mia mbili."

"Najua. Waliokwenda na waliorudi wote nimewapikia mimi. Andika jina, Eliodoro, au nikuandikie?"

Akaandika. Ungekuwa wewe ungeandika pia.

Sababu ilikuwa mumewe. Marehemu Celedonio Huanca aliongoza watu Kuntursaya miaka ishirini na sita, na kilele alikifikia mara arobaini na moja. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye mapafu ya punda, na kosa lake lilikuwa moja tu. Kila mteja aliyempata alimwambia kwamba juu kule, asubuhi ikiwa safi, unaiona bahari.

Ni lazima nieleze kidogo, maana si kila mtu ana donda hili. Nchi yetu ilinyang'anywa pwani vitani na Wachile, zamani za babu wa babu zetu, na hatujasahau. Kila mwezi wa tatu watoto wa shule wanaandamana na bendera kuililia bahari ambayo hata mwalimu wao hajaiona. Jeshi la majini tunalo mpaka leo. Sasa mtu akikwambia kuna mahali ndani ya nchi yako, juu ya mlima wako mwenyewe, ambapo unaweza kusimama ukaiona, utavaa buti hata kama una homa. Ndivyo walivyofanya wateja wa Celedonio. Na waongozaji wenzake, ukiwauliza kama ni kweli, walikuwa wanatazama pembeni na kusema inategemea hali ya hewa.

Basi mwaka jana, kwenye mkutano mkuu wa chama, mtu mmoja akasimama akalalamika kwamba mteja wake wa Cochabamba aliahidiwa bahari na Celedonio, akaona mawingu. Mama Nemesia alikuwa pale anagawa chai ya koka. Hakuulizwa kitu. Akajibu.

"Mwongo huyo! Nimelala naye miaka thelathini na minne, mimi ndiye ninayemjua. Akivua samaki wa kidole anakuja nyumbani na hadithi ya mkono mzima. Bahari! Labda aliiona kwenye kalenda."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Celedonio naye alicheka. Kisha akakaa, akaiweka kofia yake magotini, akawa anaizungusha ukingo taratibu mpaka mkutano ulipokwisha.

Tangu siku ile hakulitaja tena neno bahari. Hakuwatajia wateja, hakumtajia mkewe. Mama Nemesia aligundua baada ya wiki mbili hivi, akawa anamngoja aanze tena ili amtanie, lakini wapi. Mwezi wa pili kifua kikamkaba, yale mapafu ya punda yakamgomea. Jioni moja Mama Nemesia akaketi kando ya kitanda chake akamuuliza waziwazi, "Celedonio, inaonekana au haionekani?" Mgonjwa akamtazama, akasema, "Si uende ukaone, mama." Halafu akaomba supu. Akafa siku ya pili ya kanivali, jambo ambalo majirani walimlaumia kidogo, maana bendi ilikuwa imeshalipwa.

Hilo ndilo lililomkera Mama Nemesia. Hapana, niseme kweli: ndilo lililomuuma. Na muda ulikuwa unakwenda. Kwetu marehemu wanarudi nyumbani tarehe moja ya mwezi wa kumi na moja, saa sita kamili mchana, na wanakuta meza imeandaliwa. Celedonio angekuja kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Kama bahari inaonekana, basi yeye Nemesia alimwaibisha mtu mkweli mbele ya kijiji kizima, na ilimpasa amwombe radhi pale mezani. Kama haionekani, alikuwa na maneno yake, na angemwambia yote huku marehemu anakula. Asichoweza ni kukaa mbele ya ile meza mdomo wazi, hajui aseme lipi.

Msafara ukawa wa watu wanne, kwa mujibu wa ubao. Mwongozaji Eliodoro. Wateja wawili. Na mpishi, kwa zamu, Saturnina Alave.

Mama Nemesia alisoma jina hilo mara mbili. Yeye na Saturnina hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na mmoja. Saturnina aliwahi kuazima sufuria yake ya presha, akairudisha haina ule mpira wa kifuniko. Mtu wa nchi za chini ataona ni jambo dogo. Aje apike maharage kwenye mita elfu nne na mia nane bila presha, wiki nzima, halafu tuongee.

Mteja wa pili alishuka kwenye basi la La Paz na begi la turubai na kofia nyeupe ya jeshi la majini. Aliitwa Hermógenes Choquetanga, sajini mstaafu, miaka sitini na mmoja. Alitumikia jeshi la majini miaka thelathini na miwili, yote kwenye Ziwa Titikaka, na bahari hakuwahi kuiona.

"Afande," Eliodoro alimwambia kwa heshima walipokuwa wanampimia buti, "lakini kuna basi. Unapanda hapo barabarani, unavuka mpaka, baada ya saa tano uko Arica. Bahari ile pale, unatia na miguu."

"Kijana," alisema Afande Hermógenes, "mimi nigongewe muhuri na Wachile ili nikaione bahari yangu mwenyewe?"

Eliodoro akamfunga buti.

"Nimeambiwa na watu wawili tofauti," Afande aliendelea, "kwamba hapa kulikuwa na mwongozaji mmoja, mzee mfupi. Alikuwa anawaonyesha watu bahari kutoka juu. Yuko?"

Eliodoro alimtazama shangazi yake. Shangazi yake alikuwa anakagua kamba.

"Amefariki," alisema Mama Nemesia. "Mimi ni mkewe. Tutaona."

Kambi ya chini aliketi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwenye kile kigoda cha wateja. Hakujua mikono aiweke wapi. Kutoka hema la jiko, ambalo kwa haki ni lake, alisikia Saturnina akigonga vyungu kwa namna ambayo yeye asingegonga.

"Eliodoro," sauti ilitoka hemani, "mwambie mteja supu iko tayari."

"Eliodoro," alijibu Mama Nemesia baada ya kuonja, "mwambie mpishi chunyo haikulowekwa ikatosha. Ngumu kama kokoto."

"Mwambie mteja, viazi vikigandishwa na baridi kisha vikakaushwa vinakuwa hivyohivyo."

"Mwambie mpishi mimi nilikuwa nagandisha viazi yeye bado anakojoa kitandani."

"Supu nzuri sana," alisema Afande, aliyekuwa ameoa mara mbili, kwanza jeshi la majini, kisha mwanamke, kama alivyopenda kusema, na alijua wakati wa kuinamisha kichwa.

Asubuhi wakaomba njia. Hakuna apandaye Kuntursaya bila kuomba. Mlima ule tunauita Babu, kwa sababu ni babu yetu, na mtu haingii chumbani kwa babu yake bila kubisha hodi. Eliodoro alitandaza kitambaa, akapanga majani ya koka na mafuta ya lama, akawasha makaa, akanyunyiza pombe pande nne. Kisha kila mmoja, kwa sauti ya kusikika, anasema anachokwenda kutafuta. Sharti ni moja: usimdanganye Babu. Watu wamevunjika miguu kwa hilo.

"Nakwenda kuiona bahari," alisema Afande Hermógenes, kofia kifuani.

Zamu ya Mama Nemesia. Akatazama kileleni, akakohoa.

"Babu, nakwenda kujua kama mume wangu alikuwa mwongo."

Makaa yakalia paa.

"Na mimi," alisema Saturnina, ambaye hapandi popote ila aliona si vizuri kunyamaza, "naomba gesi isiishe."

Wakalala kambi ya juu, wakatoka saa tisa usiku kama watokavyo wapandaji wote, maana jua likishapanda theluji inalegea. Kuhusu giza lile sina la kueleza: ni baridi, ni taa ya kichwani, ni visigino vya aliye mbele yako. Mama Nemesia alivaa sketi zake tatu, suruali ya sufu chini yake, buti zilizofungwa meno ya chuma, na helmeti juu ya misuko yake miwili ya nywele. Kofia yake ya kila siku, ile nyeusi ya duara, aliifunga mgongoni, maana hakuwa tayari kumtokea Babu na kofia ya plastiki.

Kulipoanza kupambazuka wakaingia kwenye visu. Ni barafu iliyochongwa na jua na upepo, imesimama safu kwa safu kwa urefu wa mtu, na unapita katikati yake ukijipinda. Kila kisu kilitaka kipande chake cha sketi. Pumzi ikawa haba. Mama Nemesia akajipatia njia yake ya kutembea: kila akitoa pumzi alisema "mwongo," kisha anaweka mguu. Mwongo, mguu. Mwongo, mguu. Ilimsaidia kweli. Hasira ina joto lake, na kule juu joto lolote hulikatai.

Walipotoka kwenye visu kulikuwa na jiwe bapa, kama meza iliyopinduka, mita mia mbili hivi kabla ya kilele. Afande Hermógenes akaketi juu yake.

"Nimemaliza," alisema.

"Afande, pumzika dakika tano," alisema Eliodoro.

"Sipumziki. Nimemaliza. Mimi ni mtu wa maji, kijana. Mtu wa maji huku hana kazi."

Eliodoro alimkagua macho, akamuuliza jina lake, siku ya leo, jina la mkewe. Yote aliyajibu sawa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka tu na amekata tamaa, na uso wake ulikuwa umezeeka miaka kumi tangu jana.

"Kama hutaki, tunashuka," alisema Eliodoro. Akamgeukia shangazi yake, na sauti ikapungua. "Sheria unaijua, shangazi. Mwongozaji mmoja, kamba moja. Mmoja akishuka, wote tunashuka."

Aliijua. Alikuwepo siku ilipopitishwa, akigawa chai. Lama wawili na alpaka, visu vile vyote, sketi iliyochanika, na tarehe moja saa sita mchana Celedonio angeingia mlangoni amkute amekaa bubu vilevile. Msimu ulikuwa unafungwa. Hakukuwa na msafara mwingine mpaka mvua ziishe, mwaka unaofuata.

Akapiga magoti mbele ya Afande.

"Afande. Nitazame."

"Mama, nitakufa huku."

"Hufi. Ukifa nani atakushusha, mimi na mgongo huu? Sikiliza. Unauona ule ukingo? Nyuma yake iko bahari. Asubuhi yenyewe hii hapa, safi, haina hata wingu la kufutia kamasi. Saa moja tu. Simama ukaione, halafu ukafe kwa raha zako."

Afande akainua macho mekundu.

"Unaapa?"

Mama Nemesia alimeza mate, ingawa mate yenyewe hayakuwepo.

"Naapa kwa mume wangu."

Afande Hermógenes akaweka mikono magotini, akasimama kwa awamu tatu, kama ngamia, akashika shoka lake la barafu.

Eliodoro hakuondoka mara moja. Alikuwa anamtazama shangazi yake kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo.

"Nini?" alisema Mama Nemesia.

"Mzee Celedonio alikuwa anasema hivyohivyo. Jiwe hilihili. Hapa ndipo wanapokata tamaa wote, shangazi, na wote alikuwa anawapigia magoti hivyo. Isipokuwa hilo la kamasi hakulisema."

"Tembea, wewe."

Wakatembea. Alikuwa amekwenda hatua kama ishirini kabla ya kugundua kwamba ameacha kusema mwongo.

Saa mbili na nusu asubuhi wakafika. Kilele cha Kuntursaya ni ukingo wa shimo pana, na kutoka shimoni hupanda harufu ya mayai viza; waongozaji husema Babu amekula maharage. Upepo ulikuwa mkali lakini anga lilikuwa safi, bluu mpaka linaumiza. Mama Nemesia akavua helmeti, akavaa kofia yake ya duara, akaishika kwa mkono mmoja. Kisha akageukia magharibi.

Aliona milima ya rangi ya udongo. Nyuma yake milima mingine. Nyuma yake tena mingine, ya upande wa Chile, inashuka, inashuka, inazidi kufifia. Na mwisho kabisa, pale nchi inapokutana na anga, kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umenyooka. Huenda ni wingu. Huenda ni chumvi, maana chumvi huko imejaa. Huenda ni macho tu. Alitazama muda mrefu, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Hakukuwa na kitu cha bluu na hakukuwa na kitu kinachotikisika.

Haionekani.

Basi alikuwa ameshinda. Tarehe moja angemwambia: Celedonio, nilikwenda, nikaona, ulisema uongo mara arobaini na moja. Na yangekuwa maneno ya kweli, hakuna wa kuyapinga. Akasimama pale akisubiri furaha ije. Haikuja. Kilichomjia ni mumewe ameketi ukumbini, kofia magotini, anaizungusha ukingo, watu wanacheka, na aliyewachekesha ni yeye. Wale watu wote, jiwe lile, magoti yale. Akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kulia, lakini kule juu machozi yanaganda kwenye kope, akaahirisha.

Afande Hermógenes alifika wa mwisho kwenye kamba. Upepo ulikuwa umemjaza machozi, haoni vizuri. Akafungua koti, akatoa ile kofia nyeupe iliyokunjamana, akaivaa, akaifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu aliyokuja nayo kwa kazi hiyo. Hakumuuliza Eliodoro. Alimuuliza aliyeapa.

"Mama. Iko wapi?"

Mama Nemesia alimtazama Eliodoro. Eliodoro alikuwa anakagua fundo ambalo halikuhitaji kukaguliwa.

"Inategemea hali ya—" alianza Eliodoro.

"Nyamaza wewe." Akamshika Afande mabega, akamgeuza. "Fuata kidole changu. Ule mstari mweupe, kule mwisho. Unauona?"

"Nauona."

"Huo ni ukungu. Bahari kila asubuhi inajifunika ukungu. Iko chini yake."

"Chini ya ule?"

"Palepale."

Afande alikaza macho.

"Ni bluu?"

"Bluu."

"Kubwa?"

"Afande, mwanamaji ni mimi au wewe? Kubwa!"

Sajini mstaafu Hermógenes Choquetanga akabana visigino, meno ya chuma yakagongana, akapiga saluti. Akakaa hivyo. Machozi yalimtoka na yakaganda na hakuyafuta. "Miaka thelathini na miwili," alisema. Alikaa na saluti ile muda mrefu mpaka ikabidi Eliodoro amkumbushe kwamba vidole huganda.

Mama Nemesia akajitenga, akatoa kile kichupa cha pombe, akamwagia Babu fungu lake kwenye theluji.

"Babu," alisema polepole, "hilo la mwisho hukulisikia."

Kutoka shimoni ikapanda harufu ya mayai viza. Akaichukua kama jibu, ingawa hakujua ni jibu gani.

Walipofika kambi ya chini alasiri, Saturnina alikuwa amesimama nje ya hema na upawa mkononi. Alimpita Eliodoro, akampita Afande, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Mama Nemesia. Na baada ya miaka kumi na mmoja akafungua mdomo.

"Inaonekana?"

Mama Nemesia aliketi kwenye kigoda, akaanza kufungua buti.

"Nipe supu kwanza," alisema. Safari hii chunyo ilikuwa laini, akanywa bakuli mbili, akasema anataka kulala.

Tarehe moja ya mwezi wa kumi na moja meza ilikuwa tayari tangu asubuhi. Kitambaa cheusi, picha ya Celedonio na kofia yake, mikate ya umbo la watoto wenye nyuso, ngazi ya mkate ya kumshushia marehemu, mabua ya muwa ya kuwa fimbo yake, sigara mbili, pombe, na sahani ya nyama ya lama iliyokaushwa na viazi, alivyokuwa anapenda. Saa sita ikafika. Mama Nemesia akafungua mlango, akauacha wazi kidogo kumpisha, akafunga.

Majirani wakaingia kusali, kama desturi, na waongozaji wote wa chama wakiwemo, maana Celedonio alikuwa mwenzao, na pia maana mikate ya Mama Nemesia ina sifa. Nyumba ikajaa. Saturnina Alave akaja na kifurushi kidogo. Alikiweka mezani kati ya mikate. Ulikuwa mpira wa sufuria ya presha, mpya, bado umo kwenye nailoni yake.

Sala zikaisha. Watu wakaanza kutafuna. Saturnina hakutafuna.

"Nemesia," alisema kwa sauti ya kufika mpaka uani, "kule juu ulifika. Nilikuuliza ukaomba supu. Nakuuliza sasa, na wote wapo. Bahari inaonekana, au mumeo alitudanganya?"

Kutafuna kukakoma. Walikuwa walewale wa mkutanoni, karibu wote, na wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu, wanajua mdomo wa Mama Nemesia.

Mama Nemesia akasimama. Alipangusa mikono kwenye sketi, ile iliyochanika, aliyokuwa ameishona kwa uzi mweupe kwa kukosa mweusi.

"Inaonekana," alisema. "Nimekwenda kwa miguu yangu, nimeiona. Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikamwita mume wangu mwongo. Nilimsingizia. Nyote mlisikia wakati ule, basi sikieni na sasa. Celedonio Huanca alisema kweli, na mimi namwomba radhi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wao akamgeukia Eliodoro.

"Eti, katibu? Ni kweli?"

Eliodoro alikuwa anatazama viatu vyake. Alivitazama kwa muda unaotosha kuvifahamu.

"Asubuhi ikiwa safi," alisema.

Waongozaji wengine wakakohoa, wakasema naam, asubuhi ikiwa safi, hasa mwezi wa nane. Saturnina akachukua mkate wa mtoto, akaung'ata kichwa, akasema alikuwa anajua siku zote. Mazungumzo yakarudi kwenye mvua.

Walipokuwa wanatoka mmoja mmoja, mikate kwapani, Mama Nemesia akavuta kigoda akakaa karibu kabisa na meza. Akaisogeza ile sahani ya nyama mbele ya picha, akamwashia sigara, akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo.

"Usicheke," alimwambia mumewe.